Mzee Musyoka Kilonzo, Aliyeketi Nyuma ya Shuka

Mchungaji ameniomba nisome mema ya kaka yangu. Mimi Jedida, dada yake mdogo, nimekubali kusoma yaliyopo.

Marehemu Mzee Musyoka Kilonzo alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 huko Wamunyu, wilaya ya Machakos. Mama yetu alikuwa akisema kwamba alitoka tumboni amekunja uso, kana kwamba mkunga amekosea jambo. Miaka ikapita, uso haukukunjuka.

Alianza shule ya misheni mwaka 1938 na akaacha mwaka 1940. Hakufukuzwa, kama wengine wanavyosema. Mwalimu alimwambia kuwa herufi zake zinatazama nyuma, naye akamshauri mwalimu ageuze ubao. Alitumwa nyumbani akamlete baba, na baba alipomwona akampa tezo ya kuchongea miti badala ya fimbo. Tezo hiyo ndiyo iliyomteleza ikamwachia lile kovu la shavu la kushoto ambalo nyote mlilijua. Alisema kosa lilikuwa la mti.

Alimwoa Mwikali tarehe 6 Desemba 1958. Walipotoka kanisani, watu wakipiga vigelegele, alimwambia bibi harusi kwamba bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Mwikali alicheka, akidhani ni utani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Musembi na Hannah, na mwaka 1961 wakahamia Malindi wakapanga chumba hapa Barani.

Katika kazi yake ya kuchonga vinyago sitamnyima haki yake. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Twiga wake walisimama kama wanaotaka kwenda zao, na wachongaji wa kibanda kizima walinyamaza akipita kukagua. Walinyamaza pia kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi zake. Kijana akimletea kifaru, alikigeuza mara moja na kuuliza ni mama yake nani aliyezaa nguruwe.

Mnamo Agosti 1982 lilikuja lori la sinema, likatundika shuka jeupe uwanjani na kuonyesha picha ya Zimwi la Machimboni. Mji mzima ulijaa mbele. Marehemu hakupenda kubanana na watu, hasa watoto wa watu. Alibeba kigoda chake, akazunguka, akaketi nyuma ya shuka peke yake kama mwenyekiti. Kwa wasiojua, ukikaa nyuma ya shuka utaiona picha yote, lakini mkono wa kushoto utakuwa wa kulia. Maandishi nayo yalimjia kinyume, ila yeye na maandishi hawakuwahi kuelewana, kwa hiyo hakushtuka.

Wakati huo palikuwa na Mwitaliano, Bwana Renzo, mwenye nyumba karibu na bahari, aliyekusanya sanamu za mazimwi ya sinema. Yeye na wenzake wa Ulaya waliyaweka kwenye makabati ya vioo na kuyamulika kwa taa. Aliwaeleza wachongaji kwamba katika kazi hiyo kufanana na picha ndiko kila kitu: jino likizidi, pembe ikipinda visivyo, basi hiyo si sanamu tena, ni kuni. Marehemu aliyapenda maneno hayo kuliko Zaburi. Akachonga Zimwi la Machimboni kwa mpingo, gamba kwa gamba, ngozi ya shingo imekunjamana hadi ungedhani inapumua, na lile jicho moja bovu la zimwi akaliweka upande wa kulia, kama alivyoliona yeye. Renzo alikuwa hajaiona picha yenyewe bado. Alishangilia, akalipeleka kwao, akaagiza mengine.

Musembi, mwanawe, aliiona sinema ile akiwa mbele pamoja na mama yake. Mwaka 1984, akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne, alichonga zimwi lake mwenyewe. Nililiona. Lilikuwa zuri hata nikaogopa kuligusa. Jicho bovu alikuwa ameliweka kushoto. Marehemu alilisimamisha katikati ya kibanda, akawaita wote.

“Jicho bovu liko upande gani?” aliuliza.

“Kulia, mzee,” walijibu, na waliokuwa mbele ya shuka ndio waliojibu kwa sauti kubwa zaidi.

“Na wewe, Charo?”

“Miye ni mpiga msasa tu, mzee. Macho ni yenu wenyewe.”

Musembi alisema, “Baba, mimi nilikaa mbele. Ni kushoto.”

Marehemu akachukua shoka, akalipasua lile zimwi kuanzia kichwani, akampa Mwikali vipande apikie muthokoi. Kisha akamwambia Musembi asikanyage tena kibandani, kwa kuwa mtu asiyejua kushoto na kulia hata mkewe atampoteza. Chakula kiliiva vizuri siku hiyo. Mwikali hakula, nami sikula. Marehemu alikula akaongeza.

Musembi alikwenda Kilifi akawa seremala wa milango na majeneza.

Mwaka 1986 Bwana Renzo alirudi na sanamu nne zilizokataliwa huko kwao, pamoja na kanda ya sinema ile. Alimkalisha marehemu mbele ya televisheni, na Mwikali na mimi tukiwa tumesimama mlangoni. Zimwi likatokea, jicho bovu kushoto.

“Mzee, kazi nzuri sana,” alisema Renzo. “Lakini jicho, hapana.”

“Mashine yako inageuza,” marehemu akamjibu.

“Baba Musembi,” mkewe akamwambia taratibu, “wewe ulikaa nyuma ya shuka.”

“Nilikaa mahali pa kuonea.”

“Basi mwite mtoto.”

“Mtoto yupi?”

Hilo ndilo jambo ambalo Mwikali alimwomba miaka yote iliyobaki, na hakumwomba lingine: amwite mtoto. Alimwomba akimpa chai, akimkanda mgongo, hata akitoka kanisani. Nami nilimwomba mara moja akanifukuza. Kila alipochonga zimwi aliweka jicho kulia, na kwa kuwa hakuna aliyenunua, aliyapanga ukutani, yote yakimkodolea kwa jicho moja.

Mwezi Novemba 1987 marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na jicho la kulia likafumba lisifumbuke tena. Pale kibandani walinong'ona kwamba mzee ameamua kuthibitisha. Wasinitazame vibaya sasa. Nao wako hapa na wanajijua.

Alilazwa Kilifi mwezi Mei mwaka huu wa 1988. Musembi alikuja bila kuitwa. Alimwosha baba yake, akamnyoa, akamlisha uji kwa kijiko. Jioni ya tarehe 8 Juni alimwinamia, na sisi sote tulikuwepo.

“Baba, lile jicho lilikuwa upande gani?”

Nilimwombea kaka yangu kwa nguvu zangu zote. Neno moja tu lilitakiwa, na mdomo ulikuwa bado unaweza. Marehemu alimtazama mwanawe kwa jicho lililobaki, akakusanya mate.

“Kulia,” akasema.

“Haya, baba,” Musembi akamjibu, akampangusa kidevu. Marehemu alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9. Jeneza mnaloliona amelichonga Musembi, naye ndiye aliyepima. Limemwenea sawasawa.

Marehemu ameacha mjane, Mwikali. Watoto, Musembi na Hannah. Mimi dada yake. Na mazimwi ya ukutani ambayo anayetaka aje achukue.

Kuhusu picha iliyo juu ya ratiba hii, najua mmeona na mnaulizana. Ndiyo, kovu la marehemu lilikuwa shavu la kushoto, na hapa liko la kulia. Mchapaji aliigeuza filamu kwa bahati mbaya, akaomba radhi, akasema atachapa upya bila malipo. Nilikuwa tayari nimemwambia achape. Musembi ndiye aliyenishika mkono.

“Shangazi, iacheni hivyo hivyo,” alisema. “Hivyo ndivyo baba alivyoona.”

Alale kwa amani kaka yangu, kwa upande aupendao.