Fundi Mawimbi na Mlima Uliosingiziwa

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na karatasi hii imeandikwa na binti yake mkubwa, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, isipokuwa kipande cha katikati nilichokichomeka mwenyewe leo asubuhi, ambacho yeye hajakiona, na ninamwomba radhi mapema.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mawimbi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi saa na mkewe, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, ambako alichapwa kwa kufungua redio ya mwalimu mkuu bila ruhusa, na wiki iliyofuata mwalimu huyohuyo akamwita aifungue tena. Alimaliza sekondari mwaka 1970, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1973, na tarehe 2 Januari 1974 akaajiriwa kituo cha redio, idara ya mitambo, ambako mwaka 1985 aliniombea kazi ya kubeba betri na nyaya, akijua fika kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu.

Sasa nasoma kipande changu. Nyuma ya mlima ule mrefu kulikuwa na bonde lisilopata matangazo, wakubwa wakasema mlima umeziba, basi, lakini kaka akakaa miezi minne na ramani na penseli, akasema kilele chake kimechongoka kama makali ya kisu, na mawimbi yakigusa makali hayo hupinda kidogo na kushuka upande wa pili, kwa hiyo walio chini kabisa ya mlima hawatapata kitu, ila kwenye shule ya bonde lile, mbali kidogo, sauti itafika. Wakampa siku moja ya kujaribu, tarehe 14 Agosti 1987, yeye akae mjini kwenye mlingoti aite, mimi nikae uwanjani pa shule ile na redio ya mawasiliano, nijibu.

Jamani, jana yake alikuwa ameniita mzembe mbele ya idara nzima kwa sababu nilisahau kuchaji betri, na kweli nilisahau. Saa nne asubuhi akaita, nikamsikia vizuri, hata kikohozi chake kabla ya kuita nilikisikia, akauliza unanipata, akarudia mara ya pili, na ya tatu, nami nikakaa kimya juu ya gogo nikisema moyoni mwache na yeye aaibike kidogo. Nilidhani ataita tena mchana. Hakuita, maana wakubwa walikuwa wamesimama nyuma yake na saa zao, na niliporudi jioni nikakuta ripoti imeshatiwa saini kwamba mlima umezuia, mlingoti mpya uliokusudiwa bonde ukajengwa kwingine, na bonde lile likakaa miaka kumi na tisa bila sauti.

Hasira hasara, lakini hasara hii niliibebesha mtu mwingine. Mhandisi mmoja alisema huenda msaidizi alilala, kaka akamjibu kwamba mdogo wake ana makosa mengi ila halali kazini, akachukua kosa lote yeye, akasema hesabu zake ndizo mbovu, na hakuomba tena kupima mlima wowote hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011.

Narudi kwenye karatasi. Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1977 na shemeji yangu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1979 na mapacha wa kiume mwaka 1982, akawalea kwa upole, na vifaa vyote vya umeme vya mtaa wetu akavitengeneza kwa asante tu.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2022, na kitandani alikuwa na ile ramani, akipiga upya hesabu zilezile, akiniuliza alikosea wapi. Jumatatu tarehe 11 Machi 2024 nilikwenda wodini nimwambie, nikakuta wageni, nikasema kesho, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri akafariki. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na wangu huyu nitazeeka naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani mliolala nasi sebuleni wiki nzima, na wafanyakazi wenzake wa idara ya mitambo, ambao nawaomba, mkitoka hapa, ile ripoti muitafute kabatini na muiandike upya, kwa sababu mlima tuliusingizia na hesabu zilikuwa sahihi.

Kaka, siku ile nilikupata. Nilikupata mara zote tatu. Pumzika kwa amani.