Namalwa na Mlango wa Ghorofa ya Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Aliye jikoni na apunguze moto, aliye shambani na akae kivulini kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa Nairobi. Jina lake ni Jacklyne Namalwa. Jumamosi iliyopita alizikwa kwao Kimilili, baada ya kuugua figo na kulazwa hospitalini Upper Hill.

Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu ng'ambo. Narudia: kuwapeleka watu ng'ambo na kuwarudisha salama. Lakini wengi waliomfahamu watamkumbuka kwa jambo moja, nalo ni choo. Usicheke. Au cheka tu, hata yeye angecheka. Halafu angekuuliza: wewe ukiwa mbali na kwako, unajisaidia wapi?

Namalwa alikuja Nairobi akiwa msichana, akakaa Kangemi kwa shangazi yake. Aliajiriwa kuuza tikiti za ndege. Baada ya miaka mingi akafungua ofisi yake mwenyewe, chumba kimoja ghorofa ya kwanza, kule mjini chini, mahali mabasi ya kutoka Kampala hushusha abiria. Wateja wake walikuwa akina mama wa makanisa ya Kangemi, Uthiru na Loresho. Huyu anataka kuona nchi takatifu kabla hajafumba macho. Yule ana binti aliyeolewa Ulaya na mjukuu ambaye hajawahi kumbeba.

Binti yake Namalwa anaitwa Wanjira, jina la nyanya yake upande wa baba. Anasema hivi: "Mama akipanga safari hakuanza na hoteli. Alikuwa anauliza, choo iko wapi na nani ako na ufunguo."

Kulikuwa na sababu, wasikilizaji. Katika safari moja ya Ulaya, wakati wa baridi, alikuwa na kundi la akina mama wa kanisa. Mmoja wao ni Mama Waringa wa Loresho, mjane, mwenye nyumba za kupangisha, mtu ambaye kanisani kiti chake ni cha mbele na hakuna anayekikalia. Mama Waringa yuko hai. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kusimulia yaliyompata. Akaniambia, "Sema yote. Aibu haikuwa yangu."

Basi nasema yote. Gari la watalii lilikuwa na choo, lakini dereva alikuwa amekifunga akidai ni kibovu. Wakashuka katikati ya mji. Pale uwanjani kulikuwa na choo cha umma, kibanda cha chuma kinachong'aa, kinachofunguka kwa kadi ya benki. Wakajaribu kadi moja baada ya nyingine. Zote zikakataliwa. Namalwa akawavusha barabara hadi mlangoni pa mkahawa. Mhudumu akasema choo ni cha wateja peke yao. Namalwa akamshika Mama Waringa bega, akamwambia mhudumu, huyu ni mzee, tafadhali. Mhudumu akarudia yale yale.

Wakiwa bado wanazungumza, mkojo ukamtoka Mama Waringa. Ukashuka hadi kwenye soksi. Alisimama palepale ameukumbatia mkoba wake, macho juu, kama mtu anayesoma jina la mtaa.

Namalwa alivua shuka alilojifunika juu ya koti, akamfunga mzee kiunoni. Akamshika mkono. Akaingia naye ndani, na kundi zima likafuata. Akavuta kiti meza ya katikati.

"Lete chai," akasema. "Kikombe kimoja."

Chai ikaja. Akaonja, akampa Mama Waringa, naye akampa wa pili, kikombe kikazunguka meza yote.

"Sasa sisi ni wateja," akasema Namalwa. "Choo kiko wapi?"

Mhudumu akasema kikombe kimoja ni mteja mmoja.

"Kwetu chai ikishaletwa ni ya nyumba yote."

Mwenye mkahawa akatoka jikoni, akasema ataita polisi.

"Waite. Watatukuta kwa foleni."

Polisi hawakuitwa. Akina mama waliingia mmoja mmoja, Mama Waringa wa kwanza, na hakuna aliyekimbizwa.

Sasa wasikilizaji wapendwa, hadithi ingeweza kuishia hapo, tupige makofi, twende zetu. Na kweli makofi yalipigwa. Jumapili moja baada ya kurudi, Namalwa alisimulia kisa hicho kanisani Loresho, kwa idhini ya Mama Waringa. Watu walikasirika sana. Wakasema watu wa huko hawana utu. Ndipo Mama Waringa akainuka, kwa fimbo yake.

"Namalwa, kule ofisini kwako kuna choo?"

"Iko, shosho," akajibu Namalwa, kwa heshima kama anayemjibu nyanya yake.

"Iko na kufuli?"

"Iko na kufuli."

"Na wale akina mama wa Uganda wanashukia hapo chini, wametoka kwao usiku mzima. Hao huenda wapi?"

Namalwa akaketi. Choo cha jengo lao kilikuwa cha wapangaji tu, na ufunguo mmoja ulikuwa kwenye mkoba wake siku zote. Mara ngapi wasafiri hao walikuwa wamepanda ngazi kumwomba, naye akawaelekeza kwa mkono tu, huko mbele, huko mbele. Wanjira anakumbuka kwamba siku hiyo mama yake hakugusa chakula cha mchana.

Jumatatu asubuhi Namalwa alifungua kufuli la choo, akalitia kwenye droo. Akateremka hadi kandokando ya barabara. Basi la Kampala lilipofunguliwa mlango, alikuwa hapo.

"Mulembe," akawaamkia kwa salamu ya kwao Kimilili. "Mmefika Nairobi. Choo iko ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani."

Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Mbale aliwahi kutueleza hapa studioni. Alisema kwa miaka mingi akija Nairobi hakunywa maji tangu mpakani, asije akabanwa akakosa choo. Midomo ilikuwa inapasuka. "Siku Namalwa aliponipokea," alisema, "nilinunua maji nikanywa yote mbele yake."

Mwenye jengo alikuwa bwana mmoja, Waithaka. Alifika kabla ya wiki kwisha.

"Madam, hii si stendi."

"Hao ni wasafiri, Bwana Waithaka."

"Watachafua. Wapangaji wanalalamika."

Na tuseme ukweli, wapangaji walikuwa na haki ya kulalamika. Kulichafuka. Mabomba yaliziba. Namalwa alivaa gamubuti akasugua sakafu mwenyewe, kabla ya kazi na baada ya kazi.

Waithaka akaweka kufuli jipya. Namalwa akalikata. Waithaka akaweka komeo la chuma. Namalwa akamwita Zedekiah, fundi wa milango wa mtaa ule, akamwambia ang'oe bawaba. Ule mlango wa kijani, mlango wa nje wa vyoo, ukabebwa mzima hadi ofisini kwa Namalwa, ukaegemezwa ukutani nyuma ya meza. Akatundika pazia mahali pake. Kisha akampigia mwenye jengo simu.

"Mlango wako niko nao. Njoo uuchukue. Lakini ukuje na jibu: hawa wageni waende wapi?"

Waithaka alikuja na barua ya kumfukuza. Namalwa alifukuzwa. Narudia, wasikilizaji, kwa sababu watu hupenda kusema alishinda: alifukuzwa, vitu vyake vikawekwa nje, na mlango wa kijani ukarudishwa na kufungwa. Baadhi ya wateja wake walihama. Wenzake katika biashara walimbandika jina, Mama Choo. Alipopata mahali pengine, palipokuwa bucha, chini kabisa kwenye usawa wa barabara, aliliandika jina hilo juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Mbele meza ya kupanga safari. Nyuma vyoo, beseni, sabuni, na mahali pa kumbadilisha mtoto. Msafiri yeyote aliingia. Hakuulizwa ametoka wapi wala amenunua nini.

Aliugua miaka michache baadaye. Katika safari zake zote alikuwa hajiruhusu kunywa maji mpaka kundi lote limepata choo. Daktari hakusema kiu hiyo ndiyo iliyomharibu figo. Namalwa mwenyewe aliamini hivyo, na alikuwa na hasira. Hakufa ametulia, nisiwadanganye. Siku za mwisho Wanjira alikaa kando ya kitanda, na mama yake akamtazama kwa ukali.

"Wewe uko hapa. Nani amefungua?"

"Mama, leo nimefunga."

"Enda ufungue."

Wanjira akaenda.

Siku ya mazishi jamaa wote walisafiri kwenda Kimilili. Meza ya safari ilifunikwa kitambaa. Lakini vyoo vilikuwa wazi tangu basi la kwanza, na aliyeketi mlangoni na karatasi za choo mapajani alikuwa Mama Waringa wa Loresho. Watoto wake walikuwa wamemsihi: mama, wewe mtu wa heshima, utaonekana. Aliniambia alichowajibu: "Nionekane. Anayetaka kunipa pole anipate huko."

Kwa Wanjira, na kwa jamaa wote wa Kimilili na Kangemi, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na kwako msikilizaji, kuna mlango mahali fulani ambao ufunguo wake unao wewe, dukani, kanisani, kwenye jengo lako. Na kuna mtu amesimama nje na mzigo, ametoka mbali, anaona haya kuuliza. Usimngoje aulize.