Bi. Chelagat na Visima vya Tongaren

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mingi yake katika maabara yetu ya udongo hapa Kitale, Bi. Gladwell Chelagat anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajaribu.

Alianza kwa kuosha chupa. Miaka minne baadaye alikuwa akipima nitrojeni kutushinda sisi wenye digrii, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti iliyomfukuza paka wa maabara. Wakulima walimwelewa: maharagwe huvuta nitrojeni ya hewani na kuiacha udongoni, mahindi huila, na mbolea ikizidi, mvua huizamisha hadi kisimani.

Mwaka 2011, mama mmoja wa Tongaren, Wamboi, alileta maji ya kisima chake. Kila alipomkorogea mtoto wake wa miezi miwili maziwa ya unga kwa maji hayo, midomo ya mtoto iligeuka samawati. Chelagat alipima mara tatu. Nitrati, ile nitrojeni iliyoyeyuka, ilikuwa mara nne ya kiwango salama. Akapima visima kumi na viwili vya majirani. Tisa vilikuwa vibaya vilevile. Akaandika ripoti.

Mkubwa wetu wa wakati huo aliisoma, akasema, "Hii unataka kuonyesha nani? Si watu wataogopa mbolea?" Akaifungia kabatini. Chelagat akatuomba wenzake tutie sahihi barua ya kwenda wizarani. Hakuna aliyetia. Hata mimi ninayeandika haya sikutia. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, nikapandishwa.

Yeye alihamishiwa Bungoma, akawekwa stoo miaka saba. Alipohamishwa, mtoto wa Wamboi alikuwa ameshazikwa. Kila Jumamosi Chelagat alirudi Tongaren, akapita nyumba kwa nyumba. "Haya maji mtoto mchanga asionje," aliwaambia akina mama. "Na msiseme ati mtachemsha. Kuchemsha hakusaidii." Visima sita vilifungwa kwa sababu ya miguu yake, si kwa sababu yetu.

Aliporudi Kitale alisalimia kila mtu. Hakuna aliyemwomba msamaha.

Sasa anahamia Matulo kwa dada yake, kulima maharagwe. Ametuma ujumbe kwamba hatakuja kwenye sherehe, kwa hiyo keki tutaikata bila yeye.

Asante, Chelagat. Tunakutakia miaka ya heri huko mbele. Ya nyuma tuliiharibu sisi.