Papa Stanislas anakabidhi tarumbeta

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Adjudant Stanislas Kabwe, mpiga tarumbeta wa kambi yetu hapa Lubumbashi, anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025. Nimeombwa mimi, Caporal Dan Mbuyi, niandike wasifu wake kwa kuwa ndimi ninayepokea tarumbeta lake. Nilikubali haraka. Kuandika kunanisaidia nisiwaze sana tarehe 1 Novemba.

Alizaliwa Kambove, mtoto wa fundi wa reli, na kupuliza alijifunzia kwenye bendi ya parokia. Mwaka 1992 aliingia jeshini akiwa na mapafu mazuri na, kwa maneno yake mwenyewe, bila ujuzi mwingine wowote. Tangu hapo ndiye aliyetuamsha, ndiye aliyeipandisha bendera kwa mlio, ndiye aliyetuita kula na kuwasindikiza wenzetu makaburini. Amri ya komanda huishia kwenye masikio ya safu ya kwanza. Mlio wa Papa Stanislas ulifika mpaka jikoni. Akina mama wa kambi walipika kwa kumsikiliza yeye, na siku aliyochelewa robo saa, maharage ya kambi nzima yaliungua. Bado wanamdai radhi.

Mlio mmoja tu alitukataza kuujaribu ndani ya kambi: ule wa hatari, tunaouita alerte. Alitufundisha kwa kutumia kipande cha mdomoni peke yake, kikiwa kimechomolewa, kinacholia kama mbu. Aliyetaka kuupiga kamili alisubiri likizo, akapelekwa shambani kwake Lukafu, akaipigia mihogo.

Mwaka 2019, saa nne asubuhi, mimi nilisahau. Nilikuwa nimefurahi kwamba hatimaye nimeushika vizuri, nikaupiga wote kwa nguvu zangu zote katikati ya uwanja. Nilipofungua macho, kambi ilikuwa inakimbia. Akina mama walibeba watoto wao na wa jirani. Katungu, mama wa Kivu anayeuza vitambaa vya jumla langoni petu, aliacha mizigo yake wazi na kushika barabara. Hata mimi niliyeupiga nilianza kukimbia.

Papa Stanislas hakufoka. Alininyang'anya tarumbeta akapiga mlio wa chakula, la soupe, mara mbili, saa nne ile ile ya asubuhi. Watu wakapunguza mbio, wakasimama, wakatazamana. Hakuna anayeita watu kula penye vita. Mbele ya komanda alisema kosa ni lake kwa kuwa mwanafunzi ni wake, akalala siku nne mahabusu. Katungu alirudi kuokota vitambaa vyake huku machozi yanamtoka, akaniambia: « Dan, miye nilishakimbia mara mbili kule Kivu. Ya tatu sina tena miguu. »

Yeye mwenyewe mlio huo aliupiga kwa kweli mara moja tu, kabla sijafika kambini, alfajiri ambayo watu wenye bunduki walifika kwenye ukuta. Wenzake walikimbilia silaha. Yeye alisimama penye mlingoti wa bendera, peke yake, akapiga kwa dakika kumi na moja. Nyumba yake ilikuwa mita mia mbili kutoka pale, na mke wake na watoto wake, Fils na Sephora, walikuwa ndani. Hakwenda. Mpiga tarumbeta hana ruhusa ya kwenda.

Niseme wazi, hilo ndilo ninaloliogopa. Binti yangu Abigaïl ana miezi minne, na nyumba yetu iko karibu na ukuta kuliko ile ya kwake. Habari za vita vya mashariki tunazisikia redioni kila siku. Nilimwuliza Papa Stanislas aliwezaje, akajibu kwamba aliwaza pumzi tu. Sikumwamini, nikamwuliza Mama Brigitte, mke wake, nilipomkuta anafunga vyombo vya kuhamia mtaa wa Kampemba. Alisema: « Wakati clairon ilikuwa inalia, nilijua baba iko muzima. Niliogopa wakati ilinyamaza. »

Kanuni inataka mlio wa hatari upigwe mara tatu, basi. Haifiki hata dakika moja. Sasa najua zile dakika nyingine alikuwa anampigia nani.

Asante, Papa Stanislas, kwa asubuhi zote hizo, na kwa zile siku nne za mahabusu ambazo zilikuwa zangu. Mungu awape wewe na Mama Brigitte uzee mrefu, na kelele pekee iwe ya wajukuu. Kampemba si mbali. Kila siku saa sita nitapiga la soupe nikiwa nimeelekea kwenu. Mkiisikia, kuleni kwa amani, sisi tuko wazima.

Na siku ukisikia ule mwingine, baba, usije. Sikiliza tu kama bado napiga.