Deni la Friji la Mama Gi-tae

Mbele ya duka la bibi yangu, juu kabisa ya kilima hapa mjini Mokpo, kuna kitanda kipana cha mbao kisicho na godoro, cha kukalia na kupiga soga. Maduka mengi ya mtaani yana kitanda kama hicho, lakini hiki chetu ndicho chenye maneno. Tangu bibi avunjike nyonga nami niache shule nikae dukani, nauza tambi, sabuni na tofu, ile jibini laini ya soya, na nachemsha maji ya kahawa ya pakiti, ile iliyochanganywa tayari na maziwa na sukari. Wanywaji wangu ni Jenerali, aliyekuwa mpishi jeshini na cheo chake kikaishia kwenye sufuria. Hakimu, aliyewahi kutoa ushahidi mara moja katika kesi ya mbwa. Na Mama Gi-tae, anayemenya vitunguu saumu vya kuuza huku akiwasikiliza. Siku hiyo Mama Gi-tae aliweka kisu chini, akatoa barua mfukoni mwa aproni. Zamani sana alikopa hela ya friji ya mgahawa wake. Mgahawa ulikufa, friji ikafa, na aliyemkopesha akafunga ofisi. Sasa watu asiowajua wamelinunua deni lile, na mchana huo walikuwa wanamtuma mtu ili atie sahihi kwamba analitambua. Riba ilikuwa imelinenepesha mpaka lingeweza kumeza amana aliyomwekea mwenye nyumba kwa chumba anacholala.

Hakimu: Dada, usitetemeke. Muhuri wako wa jina, wa kutilia sahihi, uko wapi?

Mama Gi-tae: Kwenye droo, pamoja na kitabu cha benki.

Hakimu: Umeze.

Mama Gi-tae: Nimeze muhuri?

Hakimu: Bila muhuri, karatasi ni karatasi tu. Ya kufungia samaki.

Jenerali: Siku hizi wanapokea sahihi ya kalamu, we mzee. Umelala tangu enzi za makaa?

Hakimu: Basi aandike jina lake kwa wino mwekundu.

Hapo hata mimi nilishtuka. Kwetu jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Ni kukiita kifo.

Hakimu: Ndiyo maana! Kwenye karatasi ameshakufa. Watamdai nani?

Mama Gi-tae: Yaani unanizika ili nisilipe?

Jenerali: Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga bila maiti umeyaona wapi? Hapa hakuna maiti, kwa hiyo hakuna kulipa.

Hakimu: Si ndiyo namtafutia maiti!

Jenerali: Hebu nyamaza. Deni ni kama tofu. Likikaa mno linaoza, halidaiwi tena. Binamu yangu aliambiwa hivyo na wakili wa bure kule manispaa. Ila ukilipa hata kidogo, au ukiandika kwamba unalitambua, linafufuka.

Hakimu: Tofu inafufuka?

Jenerali: Na meno mapya!

Hakimu: Binamu yupi huyo? Yule aliyesema mvua inaletwa na simu za mkononi?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama Gi-tae peke yake hakucheka.

Ndipo akatokea kijana wa suti, amelowa jasho la kilima, soli ya kiatu kimoja ikipiga makofi. Alibeba boksi la chupa za juisi kwa mikono miwili. Akainama kutusalimu.

Kijana: Samahanini, wazee wangu. Naitwa Pyo. Namtafuta Mama Gi-tae, nimeambiwa yuko hapa.

Jenerali: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kaa, mwanangu. Bo-ram, kahawa!

Nikamtilia pakiti ya mwisho.

Pyo: Mama, sikuja kukubana. Leo lipa woni elfu kumi tu, kuonyesha nia njema. Utie sahihi hapa, nami nirudi ofisini na uso.

Elfu kumi ni bei ya bakuli la supu. Na kwetu, mtu aliyepanda kilima chote kile na zawadi mkononi, kumrudisha mikono mitupu ni aibu ya mtaa mzima. Mama Gi-tae akaanza kufungua pochi.

Hakimu: Weka pochi yako, dada! Nalipa mimi!

Jenerali: Wewe? Juzi ulilipa supu. Leo zamu yangu!

Hakimu: Toa mkono!

Jenerali: Toa wako! Haba na haba hujaza kibaba!

Wakakamatana mashati, kama wanavyofanya kila wanapofika kwa mtunza fedha wa mgahawa. Pyo alishika kalamu, akisubiri mshindi.

Mama Gi-tae: Jenerali. Tofu.

Jenerali: Tofu gani tena? Huoni nalipa?

Mama Gi-tae: Tofu yako.

Jenerali akaganda, noti ikiwa hewani.

Mama Gi-tae: Mwanangu Pyo, tangu mgahawa ufe sijalipa wala kuandika kitu. Kama deni hilo bado li hai, linataka sahihi yangu ya nini?

Pyo akaitazama karatasi. Akakitazama kikombe.

Pyo: Hilo, mama... itabidi niulize ofisini.

Mama Gi-tae: Kaulize. Waniletee jibu kwa maandishi. Leo anayeandika si mimi. Na hicho kiatu kakishoneshe.

Pyo akainama, akashuka kilima. Boksi akaliacha, zawadi hairudishwi.

Jua lilikuwa kali na kahawa imekwisha. Hakimu akanyoosha mkono kwenye boksi. Jenerali akaupiga kofi.

Jenerali: Ukinywa, umepokea. Ukipokea, umetambua!

Hakimu: Juisi si deni, bwana.

Jenerali: Una uhakika?

Hakimu hakuwa na uhakika. Mama Gi-tae alikuwa amerudia vitunguu vyake, na safari hii alikuwa anaimba puani. Mara akapanda mtu wa posta, ulimi nje, akaziona chupa.

Mtu wa posta: Leo mmebarikiwa! Hizi ni za nani?

Jenerali akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama viatu vyake. Nami, ambaye sijawahi kusikia kitanda kile kikinyamaza, nikasikia kisu cha Mama Gi-tae kikimenya.