Hakimu Aliyemwita Shaurini Mtu wa Ng'ambo

Ndugu waombolezaji, mama Honorata, mjane wa marehemu, ameniomba mimi, Muzdalifa wa Mbuchi, nisome maisha ya mumewe, na najua wapo wanaojiuliza kwa nini Mndengereko asiye wa ukoo wala wa kanisa apewe kazi hii, nawaomba subira, jibu limo humu humu.

Marehemu Evaristo Rwiza alizaliwa tarehe 4 Februari 1946 huko Kamachumu, Bukoba, akasoma shule ya misheni ya kijijini kwao hadi darasa la nane, akawa karani wa mahakama Biharamulo, kisha akasomea sheria Mzumbe na kuhitimu mwaka 1977. Tarehe 24 Juni 1978 alifunga ndoa na Honorata, muuguzi, wakajaliwa Michael na Elieth. Mwaka 1985 alihamishiwa Kibiti kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, akatulalamikia wali wetu miaka yote akidai chakula ni ndizi, lakini akanunua shamba la mikorosho Mtawanya na hakuondoka tena.

Agosti 2002 mgeni mmoja wa Kizungu alikuja Mbuchi kutazama mikoko, akanipiga picha nikipeta mpunga, nami nikatabasamu, na baada ya miezi michache mtu wa Dar es Salaam akaleta karatasi iliyochapwa kwenye duka la intaneti, picha ni ile ile, jina si langu, na chini yake maneno kwamba natafuta mwanamume wa kunilipia. Wazee wa mchumba wangu Nassibu wakasimamisha posa, mama yangu Biasha akaacha kwenda kisimani kwa aibu, na kila ofisi tuliyokwenda tuliambiwa kwamba mwenye tovuti yuko Ulaya, sheria yetu haifiki huko.

Marehemu naye alijua haifiki, lakini alisema aliyeumia yuko Mbuchi, na Mbuchi imo katika eneo lake, akafanya kama alivyozoea kwa wezi wa korosho, akaandika hati ya kumwita mwenye tovuti yule shaurini Kibiti, saa tatu asubuhi, akaituma kwa posta. Siku ilipofika karani Tamimu alisimama mlangoni akaita jina la mwenye tovuti mara tatu, kama ilivyo desturi ya mahakama, watu waliokuwa nje wakacheka, na mkubwa mmoja wa kazi akamwandikia marehemu karipio.

Hati ile ilifika lakini. Mama mmoja wa ofisi ya sheria ya nchi ile alijibu kwa upole kwamba haina nguvu kwao, ila shauri likifunguliwa kule na mahakama yao ikiomba kupitia wizara, maelezo yangu yangeweza kuchukuliwa kwa kiapo hapa hapa na kutumika kule, basi marehemu akagonga milango Dar es Salaam hadi ombi lilipokuja, nikaapa kwa Msahafu Kibiti, na Aprili 2004 hakimu wa kule, asiyenijua, akaamuru picha iondolewe. Nakala ya picha hiyo iliyoko kwenye tovuti ya nchi nyingine bado haijapata wa kuishughulikia, tusidanganyane, ila marehemu aliichukua hukumu ile akaenda kuwasomea wazee wa Nassibu yeye mwenyewe, na ndoa yetu ilifungwa tarehe 12 Machi 2005, akala wali sahani mbili bila kulalamika.

Kisukari kilimwanza mwaka 1999, mwaka huu figo zikachoka, akalazwa tarehe 28 Agosti, na akafariki dunia alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2005.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi, majirani wa Mtawanya waliochimba kaburi bila kuuliza dini, watumishi wenzake wa mahakama, na yule mama wa ng'ambo, ambaye Michael alimpelekea habari ya msiba naye akatuma rambirambi.

Asubuhi hii, kabla jeneza halijatoka, mzee Tamimu aliomba asimame mlangoni aite jina la marehemu mara tatu, akaita, na safari hii hakuna aliyecheka. Niliitika mimi, kwa sababu siku niliyokosa wa kuniitikia, aliitika yeye. Mheshimiwa, shauri limekwisha, pumzika kwa amani.