Kumuaga Mzee Ottavio, Mchoraji wa Madam Kufuli

Mheshimiwa mgeni wetu rasmi, Mzee Danson, mlezi wa chama chetu cha wafanyakazi hapa Jeddah. Daktari Luisa, mke wa mwenye shughuli. Bwana Stephen, katibu wetu. Akina mama wenzangu mliopewa ruhusa na madam zenu, nanyi mnaotakiwa kuwa mmerudi jikoni kabla ya magharibi. Ndugu zetu madereva, mabawabu na vibarua wa Baghdadiyah na Ruwais. Na wewe mwenyewe, Mzee Ottavio Brusadin, unayetuacha wiki hii: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake na kwa heshima yake.

Mimi Priscah, mwenyekiti wenu, nimeombwa nitoe maneno mazuri ya kuaga. Ninayo, lakini naona nianze na viti. Tumekodi istiraha hii, nyumba nzima ya sherehe, tukijua tutajaa mpaka watu wasimame nje, na sasa nikitazama naona viti vitupu vingi kuliko vichwa, na masufuria ya pilau ambayo sijui nani atayamaliza. Je, waliokosa kuja wamekosa nafasi? Hapana. Wamekataa. Katika kundi letu la WhatsApp mmoja aliandika, "Huyo mzungu alikula ugali wetu akaenda kulamba viatu Riyadh." Mwingine akajibu, "Asindikizwe na haohao aliowapamba." Na msidhani Mzee hajui. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, lakini matusi anayasoma vizuri sana.

Fred, simu yako inarekodi? Vizuri. Usizime hata nikilia. Hao wasiokuja uwatumie.

Ndugu zangu, mtu huyu tunayemuita Mzee alizaliwa Rovigo, mji mdogo wa Italia wenye ukungu, na kwa miaka arobaini amekula kwa kuwacheka wakubwa. Kwao alichora katuni za kila wiki za meya mmoja mwenye kichwa cha boga, anayezindua daraja moja mara tatu bila kulijenga. Meya wa kweli alijiona humo, akampeleka mahakamani. Hakimu alimwambia aombe radhi yaishe. Mzee akasimama, akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, mdomo wangu unaweza kuomba radhi, lakini kalamu yangu haijafundishwa." Alitozwa faini, na wiki iliyofuata boga lile likatokea tena, safari hii limevaa joho la hakimu. Wabunge walimtukana, askofu akamnyima mkono wa salamu, gazeti moja likamfukuza, naye hakurudi nyuma hata hatua moja. Mkitaka kujua kiburi cha msanii kikoje, mwangalieni pale alipokaa. Sasa amekiinamisha, lakini kilikuwepo, na kilikuwa kikubwa.

Alikuja Jeddah akimfuata mkewe, Daktari Luisa, ambaye mkataba wake hospitalini ndio umeisha, na ikama ya Mzee, kibali chake cha kuishi hapa, ikaisha nao. Wakati mkewe akitibu figo za watu, Mzee alishinda ufukweni Corniche akichora. Hapo ndipo alipokutana na Metrine, binti yetu wa Bungoma, ambaye familia ya bosi wake wa Riyadh ilikuwa imemleta likizoni ili aangalie watoto. Metrine alikuwa na mdomo wa kuchekesha, nyote mnakumbuka. Akamsimulia Mzee habari za madam wake wa Al-Naseem, kule Riyadh, anayefunga friji kwa kufuli la baiskeli na kuficha ufunguo kwenye soksi. Madam ambaye Metrine akila tende lazima amwonyeshe kokwa, zihesabiwe, zilinganishwe na zilizotoka kwenye bakuli. Mzee alicheka mpaka akaangusha miwani.

Ndipo Madam Kufuli akazaliwa. Mzee hakuwahi kumwona yule mama hata kisogo. Alimchora kwa masimulizi tu, kila wiki, katika gazeti la Milano. Katibu wetu Stephen akawa anaweka maneno ya Kiswahili juu ya yale ya Kiitaliano na kututumia. Mungu wangu, tulivyocheka! Nani hapa hakucheka? Ulikuwa unaosha sufuria ya tano ya siku, miguu imevimba, simu inalia mfukoni, unafungua, unamwona Madam Kufuli amelala usingizi huku mguu wenye soksi umening'inia nje ya kitanda, na paka anaunusa. Ukarudi kwenye sufuria ukiwa mtu tena. Kwa hilo peke yake, Mzee, unastahili shukrani kubwa kuliko hii tuliyokuandalia.

Sasa nitasema jambo ambalo nilikatazwa kulisema.

Madam ana binti anayesoma Milano. Huko binti alinunua gazeti kama mtu yeyote, akaona friji, akaona soksi, na alipofika kwenye kokwa za tende akajua kwamba duniani hakuna nyumba nyingine ya namna hiyo. Akampigia mama yake simu. Ndugu zangu, kwao Italia, Mzee akimchora meya, meya humrukia Mzee. Hayo ndiyo aliyoyazoea. Hakujua kwamba hapa madam akichorwa, anayekaa karibu na mkono wa madam si mchoraji. Ni Metrine. Alinyang'anywa simu siku hiyohiyo. Alikuwa amemaliza mkataba wake, amefunga mizigo, anangoja huruji tu, kibali cha kuondoka, kwa sababu mama yake kule Bungoma alikuwa na saratani ya koo na alikuwa ameacha kumeza hata uji. Kafili, mwajiri anayeshika kibali chake, akasema, "Mafi huruji." Hakuna kuondoka. Na akatishia kumripoti kuwa ametoroka kazi, na mtu akisharipotiwa hivyo ninyi mnajua njia yake inaishia jela.

Habari zilinifikia kupitia kwa jirani yake, msichana anayemwaga taka upande wa pili wa ukuta. Nilimwambia Mzee. Kesho yake Hezron, dereva wetu huyu hapa, alituweka garini, na tukaishika barabara ya Riyadh kwenda kumwombea Metrine, Mzee akiwa na karatasi zake magotini na hakuzigusa njia nzima.

Mnaijua desturi ya nyumba zile. Wanaume waliketi majlisi, sebule ya wanaume, mimi nikapelekwa kwa madam upande wa wanawake, na kati yetu kuna ukumbi mrefu wenye zulia jekundu. Mzee hangeweza kumwona madam, na madam hangeweza kumwona Mzee. Aliomba radhi kupitia kwangu. Ile kalamu isiyofundishwa, ndugu zangu, nimeisikia kwa masikio haya ikiomba radhi. Nilipofikisha, madam alikunywa kahawa yake mpaka mwisho ndipo akatoa masharti ya huruji. La kwanza, Madam Kufuli afe. La pili, kuwe na ukurasa mmoja wa mwisho, katika gazeti lilelile, unaomwonyesha yeye alivyo: mzuri, mkarimu, anayependwa na mfanyakazi wake. La tatu, asiambiwe mtu kwa nini.

"Achore sasa hivi," akasema. "Yalla."

Basi Mzee akachora sura ya mtu asiyemwona, na mimi nikawa mguu wa kupeleka karatasi. Nikienda, nikirudi.

"Anasema pua ni kubwa, Mzee."

"Pua yake ya kweli ikoje?"

"Mzee, tafadhali. Weka anayotaka."

Nikaenda. Nikarudi. "Anasema macho yawe makubwa kidogo. Na anataka awe anampa msichana sahani ya tende, imejaa."

Akachora sahani. Tende akazichora mojamoja mpaka ikajaa. Nikaenda. Nikarudi, na hili la mwisho nilitamani anisaidie mtu kulibeba.

"Anasema msichana naye acheke."

Metrine alikuwa amesimama palepale ukumbini na sinia ya vikombe, macho yamevimba, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Mzee alimtazama kupitia mlangoni. Halafu akainama akachora Metrine akicheka, meno yote nje, akaweka sahihi yake chini na kunipa karatasi bila kuniangalia. "Halas," akasema, yaani basi, yamekwisha. Sijawahi kusikia neno hilo likiwa zito hivyo.

Ukurasa ulitoka. Mliuona. Stephen aliuweka kundini bila kuelewa, na ninyi mkaandika mliyoyaandika. Kwao nako hawakumhurumia. Mhariri alimwambia kwamba mchekeshaji anayepaka watu mafuta ni maiti, akampa kijana mwingine nafasi yake. Rafiki zake wa ujana, wachoraji wenzake waliosimama naye mahakamani, walimtumia shada la maua la msibani. Alilipokea, akatia maua maji. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja tu, kwao na kwetu. Hakujitetea, kwa sababu Metrine alikuwa bado ndani ya nyumba ile akingoja huruji, na sentensi hiyo moja ingemfungia mlango.

Leo nasema kwa sababu Metrine yuko nyumbani. Alimkuta mama yake hai. Alimlowanisha midomo kwa kitambaa, akamgeuza, akamwimbia, na mama akafa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Amezikwa Jumamosi. Metrine ameniambia, "Da Priscah, mwambie Mzee nilifika." Basi, Mzee, alifika.

Kwa hiyo mkiniuliza kazi bora ya mtu huyu ni ipi, nitasema ni ile mbaya kuliko zote. Wasanii wengi wametoa jasho kwa ajili ya wanyonge, na wakapigiwa makofi. Wangapi wametoa jina lao? Wangapi wamekubali kuitwa vibaraka na walewale waliowatetea, wakanyamaza, wakala pilau katikati ya viti vitupu? Fred, hapo hakikisha imesikika.

Ningependa kuishia hapo, tupige makofi, tule. Lakini Mzee mwenyewe alinifundisha kwamba sifa tupu ni uongo uliopigwa pasi.

Ule ukurasa umewekwa fremu ya dhahabu. Umetundikwa sebule ya wanawake, Al-Naseem. Na nyumba ile haikukaa bila mfanyakazi. Mwezi huu ameletwa msichana mwingine, anaitwa Jael, wa Vihiga, ndiyo kwanza anajifunza kuitikia "hadir" akiitwa na madam. Namba yangu aliipata kwenye karatasi aliyoiacha Metrine chumbani. Juzi alininong'onezea ujumbe wa sauti, nadhani alikuwa chooni kwa jinsi maji yalivyokuwa yakimwagika, na nitausema kama alivyousema:

"Shikamoo, Auntie. Samahani kwa kukusumbua. Huku sebuleni kuna picha mimi hupanguza kila asubuhi. Kuna mama mmoja mpole sana, anampa msichana wetu tende, na huyo msichana anacheka. Nimemuuliza madam huyo ni nani, akanifukuza. Auntie, huyo mama ni wa hii familia? Huwa anakuja lini?"

Sijamjibu. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Mgeni rasmi, Daktari Luisa, ndugu zangu mliokuja na mtakaosikia kwenye simu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mpaka hapa. Mzee Ottavio, nenda salama, tumekupenda na tutakukosa. Lakini kabla hujaenda, shika hiki kipaza sauti, na umjibu Jael.